Kumsaka babu Mjerumani wa Pennsylvania kwa Biblia ya ukoo na faili la mirathi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni mtoto wa Musoma, nimeolewa Lancaster, Pennsylvania. Kwetu Mara, wazee wa Kimennonite wanalijua jina la Lancaster kuliko la New York, maana ndiko walikotoka wamisionari waliofika Shirati mwaka 1934. Nilipoingia ukoo huu nilimkuta mama mkwe ana sanduku la mbao, ndani yake Biblia ya Kijerumani ambayo hakuna mtu nyumbani aliyeweza kuisoma. Sanduku hilo ndilo lililoniponza. Sasa ninaulizwa maswali na Waswahili wenzangu walioko Marekani na Kanada: mmoja kaolewa kwenye ukoo wa Wajerumani, mwingine mtoto kapewa kazi ya shule ya kuchora mti wa ukoo, mwingine kapima DNA akaduwaa. Wengi huanza kwa kuuliza babu alikuja na meli gani. Mimi huwarudisha kwenye swali jingine: alikufa wapi, na nani aligawana mali yake?

Huyu "Mjerumani wa enzi za ukoloni" ni nani hasa?

Si Mjerumani wa boma la Bagamoyo. Hapa tunamsema mkulima au fundi aliyevuka Atlantiki kabla ya mwaka 1776, Pennsylvania ikiwa koloni chini ya Mwingereza na bandari kubwa ya kushukia ikiwa Philadelphia. Familia kumi na tatu za Krefeld zilifika kwa meli iitwayo Concord Oktoba 1683, na Germantown ikaanza. Wamennonite wenye asili ya Uswisi walianza kukaa upande wa Lancaster mwaka 1710. Baada ya hapo watu wakaja kwa maelfu, na msimu uliofurika kuliko yote ulikuwa kati ya 1749 na 1754.

Ujerumani kama nchi moja haikuwepo. Mtu alitoka Pfalz, Württemberg, Baden, Hesse, Alsace au Uswisi. Karani wa Kiingereza hakujali, aliwaita karibu wote watu wa Pfalz, kama mtu wa pwani anavyosema "watu wa bara" akawa amemaliza. Kwa hiyo karatasi ikisema babu yenu ni wa Pfalz, usikate tiketi bado.

Nianzie wapi?

Kwa mtu mzee kuliko wote aliye hai. Mhoji, mrekodi, halafu mwombe akuonyeshe makaratasi. Kisha panda ngazi moja moja: kilembwe, kitukuu, mjukuu, kila kizazi na ushahidi wake. Anayeruka kutoka kwa bibi aliyezaliwa 1920 hadi abiria wa meli ya 1738 kwa sababu majina yanafanana atachora mti mzuri wa ukoo wa watu wengine. Najua, kwa sababu nilifanya hivyo. Msimu mzima wa baridi nilimfuatilia mtu mwenye jina lile lile, kaunti ile ile, umri unaokaribiana. Faili la mirathi ndilo lililoniumbua: bwana yule alikufa bila mtoto hata mmoja.

Biblia ya ukoo ina majina na tarehe. Niiamini?

Isome, lakini kwanza ihoji kama shahidi. Fungua ukurasa wa jina uone ilichapwa mwaka gani. Ikiwa Biblia ilichapwa 1776 na mtoto wa kwanza kuandikwa alizaliwa 1731, aliyeandika hakuandika siku hiyo. Alinakili kutoka mahali pengine, au aliandika alichosimuliwa au alichokumbuka. Halafu tazama wino. Watoto tisa walioandikwa kwa wino mmoja na mkono mmoja, mistari imenyooka kama shanga, waliandikwa siku moja. Wino ukibadilika, mkono ukatetemeka, jina moja likabanwa pembeni kwa kukosa nafasi, hapo unaona watu wakiandika kadiri mambo yalivyotokea. Hayo ya kubanwa pembeni mimi nayaamini kuliko yale mazuri.

Biblia nyingi za huku zilichapwa Germantown na Christoph Saur. Toleo lake la kwanza, la mwaka 1743, ndilo Biblia ya kwanza kuchapwa katika Amerika kwa lugha ya Ulaya, na ni ya Kijerumani, si ya Kiingereza. Nyingine zilivuka bahari na wenyewe.

Kagua pia kati ya kurasa na chini ya mfuniko wa sanduku. Wajerumani wa Pennsylvania walikuwa na hati za kuzaliwa na kubatizwa zilizopambwa kwa ndege, mioyo na maua ya tulipu, ziitwazo Taufschein. Hati moja inataja baba, mama pamoja na jina la ukoo alikozaliwa mama, siku, kitongoji, mchungaji na wazazi wa ubatizo. Katika koloni ambalo serikali haikusajili vizazi, karatasi hiyo ni hazina. Watu walizikata wakazitundika ukutani kwa uzuri wa ndege, maandishi yakaenda na takataka.

Kwa nini unasisitiza mirathi kiasi hicho?

Kwa sababu ukoo wenye amani hauandiki kitu. Kalamu hushikwa pale mzee anapofariki na shamba halijagawanywa.

Pennsylvania kila kaunti ina ofisi ya msajili wa wosia. Mlangoni utaona pameandikwa Register of Wills. Lancaster kumbukumbu zake zinaanza na kaunti yenyewe, mwaka 1729. Watu wengi wakishapata nakala ya wosia wanashukuru na kuondoka. Wasiondoke. Wosia uliomo kwenye daftari ni nakala ya karani, na jina aliloandika ni alivyolisikia yeye. Omba faili lenyewe, na uulize kila karatasi iliyomo.

Kama aliacha wosia, humo mna mke, watoto, mara nyingi wakwe, na wasimamizi aliowateua. Kama hakuacha, mna barua ya usimamizi, na barua hiyo huambatana na dhamana. Waangalie wadhamini! Mtu haweki mali yake rehani kwa ajili ya mpita njia. Mara nyingi mdhamini ni shemeji, mkwe, au kaka wa mjane. Kisha kuna karatasi ya mjane au mwana mkubwa akisema sina nguvu ya kusimamia, apewe fulani. Kuna orodha ya mali iliyofanywa na majirani wawili, karatasi ya mnada, hesabu ya mwisho, na kama una bahati, risiti za kila mrithi aliyepokea fungu lake akatia sahihi.

Karatasi ya mnada wa babu yetu ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Imeandikwa nani alinunua nini na kwa shilingi ngapi. Jirani kachukua jembe. Mkwe kachukua ng'ombe mwekundu. Na mjane yumo, ananunua sufuria lake mwenyewe, gurudumu lake la kusokotea na godoro moja. Nilipoona hilo nilimwita mume wangu aje asome, naye akakaa kimya.

Hesabu ya mwisho ina faida nyingine, kwani huko ndiko mjane anakobadilisha jina. Utakuta imewasilishwa na mama fulani "ambaye sasa ni mke wa fulani, zamani mjane wa marehemu". Mstari mmoja tu, lakini usipouona utamtafuta mwanamke huyo maisha yako yote kwa jina aliloliacha.

Mahakama ya Yatima inahusikaje? Mama yao alikuwa hai.

Yatima wa Pennsylvania ya wakati ule ni mtoto yeyote mdogo aliyefiwa na baba. Mama awe hai, awe ameolewa tena, haijalishi. Mahakama hiyo, Orphans' Court, ndiyo iliyoteua walezi, na mtoto aliyetimiza miaka 14 aliruhusiwa kumchagua mlezi wake mwenyewe. Kwa mtafutaji huo ni ushahidi wa umri. Ukimkuta kijana anachagua mlezi mwaka 1759, unajua alizaliwa mwaka 1745 au kabla. Na mlezi aliyechaguliwa, kama wale wadhamini, mara nyingi ni mjomba au baba mdogo.

Asiyeandika wosia, mali yake iligawanywaje?

Kwa sheria ya koloni ya mwaka 1705, mjane alipata theluthi, watoto wakagawana kilichobaki, na mwana mkubwa wa kiume akapewa mafungu mawili. Wenye kujua faraidhi wasichanganye. Hapa mafungu mawili si ya kila mwana dhidi ya binti, ni ya kifungua mimba wa kiume peke yake dhidi ya ndugu zake wote. Desturi hiyo iliondolewa mwaka 1794. Kwa hiyo ukiona hesabu imegawanywa mafungu tisa na watoto ni wanane, hakuna mtoto aliyepotea, mmoja wao ni mkubwa.

Shamba halikukatwa vipande kila mara. Mwana mmoja alilichukua kwa bei iliyothaminiwa, akawalipa wenzake kidogo kidogo, nao wakaandika hati za kuachia haki zao. Hati hizo hazimo kwenye faili la mirathi, zimo kwenye daftari za ardhi, na wakati mwingine zilisajiliwa miaka ishirini au thelathini baadaye, pale mtu alipotaka kuliuza shamba. Ndizo zinazotaja mabinti wote na waume zao, hata waliohamia Virginia.

Wosia wa babu umejaa kuni na matufaha. Ni wosia kweli?

Tena wosia hasa. Mzee wa Kijerumani hakumwachia mjane wake "matunzo" kwa neno la jumla. Alimjua mwanawe, na alimjua mkamwana zaidi. Wa kwetu umeagiza kila mwaka mama apelekewe ngano na shayiri kwa busheli, kitani kwa ratili, ng'ombe mmoja alishwe pamoja na wa mwana, kuni zipasuliwe na ziletwe mlangoni. Awe na chumba karibu na jiko la chuma, matufaha kadiri atakavyo, na njia ya kupita kwenda kisimani. Njia ya kisimani imeandikwa! Nilimsomea mama yangu kwa simu, akauliza kama huyo mzee hakuwa Mjaluo.

Usipite haraka sehemu hizo. Anayepewa mzigo wa kumtunza mama ndiye anayebaki kwenye shamba, na shamba hilo utalifuatilia kwa hati hadi karne iliyofuata.

Mtoto mmoja hatajwi kwenye wosia. Alikufa, au alifukuzwa?

Huenda alishapewa chake. Mzee aliyemnunulia mwana ardhi alipooa hakuona sababu ya kumtaja tena, au alimwachia shilingi chache ili asije kudai. Tafuta hati ya ardhi kati ya baba na mwana kabla hujatangaza ugomvi wa ukoo.

Nimekwenda kwenye kaunti anakotajwa, hakuna faili.

Huenda yeye hakuhama, kaunti ndiyo iliyohama. Lancaster ilimegwa kutoka Chester mwaka 1729. York ikazaliwa 1749, Cumberland 1750, Berks na Northampton 1752, Montgomery 1784, Dauphin 1785, Lebanon 1813. Mtu aliweza kulala kitanda kimoja maisha yake yote akawa raia wa kaunti tatu. Faili liko pale palipokuwa makao makuu siku alipokufa.

Jina limeandikwa namna saba. Lipi sahihi?

Lile aliloliandika kwa mkono wake. Mengine ni masikio ya makarani. Kijerumani cha Pfalz hakitofautishi sana b na p, d na t, g na k, na Mwingereza aliandika alichosikia. Sisi wa Mara tunajua r na l zinavyohama, hatuna sababu ya kushangaa.

Baadaye familia zenyewe zikajigeuza. Schneider ikawa Snyder, au ikatafsiriwa kabisa ikawa Taylor. Zimmermann wengi wakawa Carpenter. Klein ikawa Kline, Cline, Small au Little, na wakati mwingine ndugu wa tumbo moja walichagua tofauti. Ile hadithi ya ofisa wa bandari kumbadilishia mtu jina isahau.

Majina ya mbele yana mtego wake. Mvulana alibatizwa Johann Georg, lakini Johann lilikuwa pambo tu, kila mtu alimwita Georg na hata mirathi ikamwita hivyo. Kaka zake watatu nao ni Johann kitu fulani. Johannes peke yake, hilo ndilo jina kamili, na huyo ndiye Hans wa mtaani. Mtoto akifa, aliyefuata aliweza kupewa jina lile lile. Na mwanamke aliyeandikwa Schneiderin ni wa ukoo wa Schneider, hiyo -in mwishoni ni alama ya kike.

Jambo moja litakusaidia zaidi ukilitazama kwa jicho la Kiswahili, nalo ni somo. Mtoto mara nyingi alipewa jina la baba au mama wa ubatizo. Ukoo wote una akina Georg na Michael, ghafla anatokea Valentin, basi mtafute Valentin mkubwa. Somo wake yupo mahali, na huenda ni mjomba.

Orodha za meli zinasaidia?

Zinasaidia ukishajua unayemtafuta. Kuanzia 1727 wanaume wageni wa miaka 16 na zaidi walipelekwa kuapa utii mbele ya wakuu wa Philadelphia, na orodha zimebaki hadi 1775. Kwa meli moja zaweza kuwepo tatu: ya nahodha, ya kiapo cha utii kwa mfalme, na ya kiapo cha kumkana mtu aliyekuwa akidai kiti cha ufalme wa Uingereza. Wake na watoto kwa kawaida hawamo. Mabinti wa miaka ishirini waliokuja peke yao hawamo pia, na hilo linaniudhi kila ninapozifungua.

Strassburger na Hinke walizichapisha mwaka 1934, na juzuu ya pili ni picha za sahihi zenyewe. Hiyo ndiyo unayoitaka. Aliyejua kuandika ametia sahihi kwa Kijerumani. Asiyejua kaweka alama, karani akaandika jina kuizunguka. Sasa chukua sahihi ya kwenye wosia uilinganishe. Tuliweka picha mbili sambamba kwenye meza ya jikoni, ya meli na ya wosia, zimepishana zaidi ya miaka thelathini. Mkono wa pili unatetemeka, mgonjwa huyo. Lakini H yake kubwa ina mkia unaorudi kushoto kama ndoana, na ndoana hiyo ipo kwenye ile ya ujana pia.

Kama hukumpata humo, jaribu orodha za uraia. Sheria ya Bunge la Uingereza ya 1740 iliwapa Waprotestanti wageni uraia baada ya kukaa makoloni miaka saba, kwa hiyo tarehe ya uraia inakupa mwaka ambao lazima alikuwa ameshafika. Na gazeti la Saur, lililoanza 1739, lina matangazo ya watu waliokuwa wakiwatafuta kaka na dada zao waliofika kwa meli nyingine.

Familia inasema walikuja ndugu watatu: mmoja akabaki, mmoja akaenda kusini, mmoja hakuonekana tena.

Kila familia inasema hivyo. Ni sawa na meli saba za Shirazi kwetu Kilwa. Hadithi ina kazi yake, lakini si ushahidi. Vivyo hivyo babu askari wa kukodiwa wa Hesse aliyetoroka jeshi la Mwingereza: wapo kweli waliobaki baada ya vita ya uhuru wa Marekani ya 1775 hadi 1783, ila kama babu yenu analipa kodi ya shamba mwaka 1758, askari huyo si yeye.

Sisi ni Wamennonite na hakuna rekodi za ubatizo.

Hazipo kwa sababu hawakubatiza watoto wachanga, na wala Waamish, ndugu zao wa imani, hawakubatiza. Kwa hao mirathi na ardhi si msaada wa ziada, ndiyo njia yenyewe. Kibali cha kupimiwa ardhi kutoka kwa akina Penn, ukoo uliomiliki koloni, ramani ya upimaji na hati ya mwisho zimehifadhiwa Harrisburg kwenye hifadhi ya nyaraka ya jimbo. Majirani wanaoandikwa kwenye mipaka ya ramani mara nyingi ni wakwe.

Walutheri na Wareformed (Waprotestanti wa njia ya Calvin) wana vitabu vya kanisa, na wachungaji wa kuzunguka walikuwa na daftari zao. Mchungaji Mlutheri John Casper Stoever aliandika ubatizo na ndoa kuanzia miaka ya 1730, akipita makanisa mengi, kwa hiyo usitafute kanisa moja tu. Wamoraviani ndio wenye bahati kuliko wote. Wenzetu wa Rungwe na Tabora watalielewa hili: Bethlehem, Pennsylvania, ilianzishwa 1741 na watu wa Herrnhut, kitovu cha Wamoraviani huko Ujerumani, wale wale ambao wajukuu wao kiroho walifika Nyasa 1891. Wao walikuwa na desturi ya kuandika maisha ya mshiriki, Lebenslauf, ikasomwa mazishini. Unampata mtu na safari yake, dhambi zake na kijiji chake.

Wosia ni wa Kijerumani. Sisomi Kijerumani.

Mimi pia sikusoma. Kwanza uliza kama faili lina tafsiri, maana mara nyingi mahakama iliitaka. Pili, kinachokushinda si lugha, ni mwandiko. Uitwao Kurrent una e inayofanana na n, na u yenye kijikonyo juu ili isichanganywe na n. Majina ya watu mara nyingi yaliandikwa kwa herufi za Kilatini, kwa hiyo yanajitokeza. Jifunze maneno thelathini ya ukoo na mirathi, Tochtermann ni mkwe wa kiume, Wittib ni mjane, Erbe ni mrithi, utashangaa unavyofika mbali.

Tovuti ya FamilySearch ni bure, unahitaji kujisajili tu. Ina picha za daftari nyingi za mirathi na ardhi, na sasa kuna utafutaji wa maandishi yote unaosoma mwandiko wa mkono kwa kompyuta. Kwa daftari za Kiingereza ni mwujiza. Jaribu jina kwa makosa yote unayoweza kuyawazia.

Tarehe za kuzaliwa zinapishana siku kumi na moja.

Hakuna aliyekosea. Makoloni ya Mwingereza yalibadili kalenda mwaka 1752: baada ya tarehe 2 Septemba ikafuata 14 Septemba. Kabla ya hapo mwaka mpya wa kisheria ulianza 25 Machi, kwa hiyo wosia wa Februari 1740 uliothibitishwa Aprili 1741 huenda umekaa miezi miwili tu.

Mume wangu ni Mmarekani Mweusi na DNA yake inaonyesha Ujerumani. Njia hii inamhusu?

Inamhusu, na ni ngumu. Wajerumani wa Germantown ndio waliotia sahihi lile pingamizi la 1688 dhidi ya utumwa, lakini wapo Wajerumani wengine waliomiliki watu, Pennsylvania na zaidi huko Virginia na Carolina. Orodha za mali za mirathi zinawataja. Utasoma farasi, saa ya ukutani, halafu mwanamke mwenye jina moja na bei, halafu mtoto wake na bei yake, halafu mizinga ya nyuki. Majirani wawili wale wale, kwa kalamu ile ile.

Jiandae kabla ya kufungua. Halafu fungua, kwa sababu orodha hiyo inaweza kuwa mahali pekee jina lake lilipoandikwa. Fuatilia wosia uone nani alirithishwa nani, na mnada, na mafaili ya watoto wa mwenye mali. Sheria ya 1 Machi 1780 ilianza kuuondoa utumwa Pennsylvania polepole: wenye watumwa walitakiwa kuwasajili kwa majina na umri, na watoto waliozaliwa baadaye wakafungwa kwenye utumishi hadi miaka 28. Rejista hizo za kaunti ni za kutafutwa. Usitarajie kulikuta neno "baba" kwenye karatasi yoyote. Hapo ndipo DNA inapofanya kazi, kwa kulinganisha ndugu wanaofanana damu na majina yaliyomo kwenye mirathi.

Na DNA kwa wengine?

Kipimo cha mstari wa baba kinaweza kukwambia kama akina Snyder wawili ni ukoo mmoja. Vile vya kawaida, kwa babu wa vizazi vinane, damu yake imeshachuja mno.

Nitakipataje kijiji cha Ujerumani?

Kwa kutokukitafuta Ujerumani kwanza. Kimeandikwa Marekani: kwenye jiwe la kaburi, daftari la mchungaji, Taufschein, au wosia. Ukishakuwa nacho, vitabu vya kanisa vya Kiprotestanti vingi viko kwenye tovuti ya Archion, kwa malipo. Kuna vijiji ambavyo vitabu vyao viliungua katika vita ya miaka thelathini au Wafaransa walipoichoma Pfalz 1689, kwa hiyo usishangae mstari ukikatika hapo.

Kama ni Württemberg, mirathi inarudi tena, na safari hii ni bora kuliko ya Pennsylvania. Huko kila ndoa na kila kifo viliandikiwa orodha ya mali hadi kijiko. Mzazi aliyebaki akifa, watoto wote waliorodheshwa, na aliyeondoka akaandikwa yuko Pennsylvania, fungu lake likashikiliwa na msimamizi akisubiriwa atume hati ya uwakilishi.

Babu wa Tanganyika ya Mjerumani je?

Hiyo ni kazi nyingine. Anza na mafaili ya Kijerumani kwenye Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na hifadhi ya shirikisho Berlin.

Babu yetu hakuacha wosia, wala shamba, wala faili. Ndiyo basi?

Tafuta nduguye asiye na watoto. Mwenye watoto mirathi yake inashuka chini. Asiye nao inatawanyika pembeni, kwa kaka, dada, na watoto wa waliokufa, na msimamizi analazimika kuwataja wote.

Ndivyo tulivyokipata kijiji chetu. Kaka wa babu alikuwa fundi wa viatu, hakuoa, na hakuna mtu katika ukoo aliyekuwa amewahi kumsikia. Faili lake jembamba. Ameacha vyombo vya kazi kwa mpwa mmoja, na pesa zigawanywe sawa kwa ndugu zake, mmoja wao dada aliyebaki kijijini Pfalz, na kijiji kimetajwa. Ndugu wa huku wote risiti zao zimo, kila moja na sahihi au alama. Ya dada yule haimo. Nimelipekua faili mara tatu.